Ukizunguka Nzambani mara saba, kesho utashindana na nani?

KAMA umewahi kufika Kitui mjini, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu alikwambia usiondoke bila kuona mwamba wa Nzambani. Uko kilomita chache tu nje ya mji, jiwe kubwa lililosimama peke yake, na siku hizi kuna ngazi ya chuma ya kukufikisha juu. Ukifika pale chini, kabla hata hujatoa simu upige selfi, mwenyeji wako atakutolea ile hadithi maarufu: ukiuzunguka mwamba mara saba, unabadilika jinsia. Anayeanza mwanamume anamaliza mwanamke, na anayeanza mwanamke anamaliza mwanamume.

Watu hucheka. Kuna yule wa kujifanya jasiri anayeanza kuzunguka kwa mbwembwe, akifika mzunguko wa tatu anasema amechoka. Nyinyi mnasema ameogopa. Kisha mnapanda ngazi, mnapiga picha, mnarudi mjini kutafuta chakula.

Lakini hebu tukae na hiyo hadithi kidogo. Tuseme mmoja wenu amemaliza mizunguko yote saba, na kesho yake kuna mashindano ya baiskeli. Ataandikishwa wapi, kwa wasichana au kwa wavulana? Na nani mwenye kuamua? Yeye mwenyewe? Mwalimu wa michezo? Daktari? Au afisa fulani aliyeketi Uswisi ambaye hajawahi hata kusikia jina Kitui?

Ukiwa Nzambani hilo ni swali la mzaha. Nje ya Nzambani limekatiza ndoto za wanariadha wa Afrika Mashariki, limefikishwa mahakamani mara kadhaa, na limebadilisha kanuni za mbio za baiskeli na riadha duniani. Na kwa jinsi tunavyobishana mtandaoni, wengi wetu tunalijadili bila kujua hata linahusu nini.

Unawakumbuka vijeba?

Tuanze na kitu unachokijua. Kama ulicheza michezo ya shule, basi unawajua vijeba. Ni wale wachezaji wa "chini ya miaka 16" wenye ndevu na sauti nzito kama ya mzee wa kanisa. Mnapigwa mabao sita, na mkiwa njiani kurudi nyumbani mtu anasema amesikia kipa wao ana mtoto anayesoma chekechea.

Kwani mlikasirika kwa nini? Si kwa sababu ya kushindwa tu, maana mlikuwa mmeshindwa mara nyingi hapo awali na maisha yakaendelea. Mlikasirika kwa sababu kulikuwa na makubaliano kwamba mnaoshindana ni rika moja, na mtu akayavunja.

Kila mchezo una makubaliano yake. Ndondi hugawa watu kwa uzani. Benson Masya, kijana wa Kitui, alikuwa bondia kabla ya kugeukia mbio, na mwaka 1992 kule Newcastle, Uingereza, akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni. Ulingoni hakuna refa ambaye angemruhusu kupigana na jitu la kilo 100. Barabarani hakuna aliyemuuliza kilo zake, kwa sababu mbio na baiskeli hazigawi watu kwa uzani. Zinawagawa kwa umri na kwa jinsia.

Mbona jinsia? Angalia saa tu. Julai 2025 Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:48.68, rekodi ya dunia ya wanawake. Rekodi ya wanaume, iliyowekwa na Hicham El Guerrouj wa Morocco mwaka 1998, ni 3:26.00. Tofauti ni sekunde 22 na ushei, karibu asilimia 11. Kipyegon ndiye bora zaidi kuwahi kutokea katika umbali huo, lakini kama kundi la wanawake halingekuwepo, hata fainali ya Olimpiki asingeiona. Wewe na mimi pia tusingejua jina lake.

Tofauti hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na balehe. Testosteroni inapopanda mwilini mwa mvulana, moyo na mapafu hukua zaidi, mifupa hurefuka na kuwa mizito, misuli huongezeka, na damu hubeba oksijeni nyingi zaidi. Kwenye baiskeli mambo hayo yote huishia mahali pamoja, yaani nguvu unayoweza kuisukuma kwenye pedeli kwa saa nne bila kukata pumzi.

Kwa hivyo anayesema kundi la wanawake lilindwe hatoi hoja ya chuki. Bila uzio huo nusu ya watu duniani hawana nafasi ya kushinda chochote. Ubishi ni kuhusu mahali pa kuchimba nguzo za uzio, na nani anabaki nje.

Baiskeli yachora mstari

Mwaka 2022, shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilikuwa na kanuni hii: mwanamke aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa na kukua akiwa wa kiume kisha akabadili, angeweza kushindana na wanawake iwapo testosteroni yake ingekaa chini ya nanomoli 2.5 kwa lita kwa miezi 24.

Mwishoni mwa Aprili 2023, Mmarekani Austin Killips, aliyekuwa ametimiza masharti hayo, akashinda mbio za wanawake za Tour of the Gila katika jimbo la New Mexico. Alikuwa mwanamke wa kwanza aliyebadili jinsia wazi wazi kushinda mbio za hatua za wanawake zilizo kwenye kalenda ya UCI. Kelele zikalipuka. Miezi miwili na ushei baadaye UCI ikabadilisha kanuni: kuanzia Julai 17, 2023, yeyote aliyepitia balehe ya kiume haruhusiwi katika mbio za wanawake za kimataifa. Kundi la wanaume likafanywa wazi kwa kila mtu.

Hoja ya UCI ilikuwa kwamba sayansi haijathibitisha kuwa miaka miwili ya kushusha homoni inafuta faida yote ya balehe. Mifupa iliyokwisha kurefuka hairudi nyuma. Waliopinga nao walisema waendeshaji wa aina hiyo ni wachache mno, na kwamba Killips hakuvunja sheria yoyote, alifuata zile zilizokuwepo kisha akafanywa mfano.

Sasa angalia, pande zote mbili hapo zinasema kweli. Unaweza kuona kanuni mpya ina mantiki na bado ukakubali kwamba binadamu aliyeifuata ya zamani hakustahili matusi aliyorushiwa.

Bili ililetwa huku kwetu

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kuna watu waliobadili jinsia, kama Killips. Halafu kuna kundi lingine tofauti kabisa: watu waliozaliwa na maumbile yasiyoingia moja kwa moja katika kike au kiume, wale ambao watu wa pwani huwaita huntha. Hawa hawakubadili kitu. Hawakuzunguka mwamba wowote. Wengi walizaliwa wakaitwa wasichana, wakavaa sare za wasichana, na hawakujua lolote hadi siku walipokimbia kwa kasi.

Na wao si hadithi. Sensa ya mwaka 2019 ya Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524.

Sasa rudi kwenye Olimpiki ya Rio 2016, mita 800 za wanawake. Dhahabu ilikwenda kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, fedha kwa Francine Niyonsaba wa Burundi, na shaba kwa Margaret Wambui wa Kenya. Miaka mitatu baadaye hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kukimbia umbali huo. Kanuni iliyoanza kutumika Mei 2019 iliwataka wanawake wenye testosteroni ya juu ya asili waishushe kwa dawa kama wanataka kushiriki mbio za mita 400 hadi maili moja.

Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Lakini Wambui, aliyekuwa bingwa wa dunia wa chipukizi mwaka 2014, hakuwa na pa kuhamia. Mwaka 2021 aliiambia BBC kwamba angependa kuwe na kundi la tatu, ili watu kama yeye nao wapate mahali pa kushindana bila kujificha.

Hadithi nzito kuliko zote inatoka kwa majirani zetu. Annet Negesa wa Uganda aliondolewa kwenye timu kabla ya Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akaeleza kwamba alifanyiwa upasuaji bila kuelezwa vya kutosha utamfanya nini, na mwili wake haukurudi kuwa ule wa mkimbiaji. Shirikisho la riadha duniani lilikana kumshauri afanyiwe upasuaji huo. Vyovyote ilivyokuwa, aliyelala kwenye kitanda cha hospitali ni msichana wa Uganda aliyetaka tu kukimbia mizunguko miwili ya uwanja.

Semenya alipigana mahakamani kwa miaka. Julai 10, 2025, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uswisi ilikiuka haki yake ya kesi kusikizwa ipasavyo. Haikuzifuta kanuni zenyewe. Na kufikia hapo alikuwa na umri wa miaka 34. Hata ukishinda kesi, miguu haikungoji.

Kijiti cha shavuni

Septemba 1, 2025 mambo yalibadilika tena. World Athletics ilianza kudai kwamba kila mwanamke anayetaka kushiriki mashindano ya dunia afanyiwe kipimo cha jeni mara moja maishani. Unapanguswa ndani ya shavu au unatolewa damu, na wanachotafuta ni jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y. Ikikosekana, umepita. Kazi ya kusimamia kipimo imeachiwa mashirikisho ya kila nchi.

Wanaounga mkono wanasema hii ni bora kuliko zamani, maana sasa kila mtu anapimwa. Awali aliitwa yule tu ambaye mtu alimtazama akaamua "hafanani" na msichana. Hapo wana hoja. Wasichana weusi warefu wenye misuli ndio walioteswa sana na macho ya watu.

Lakini historia inatuonya. Vipimo vya kromosomu vilikuwepo tangu miaka ya 1960, na vikaachwa. Mwaka 1985 mkimbiaji wa Uhispania María José Martínez-Patiño alikutwa na kromosomu Y. Jina lake likavuja magazetini, akapoteza mataji, marafiki na mchumba. Baadaye ikadhihirika kwamba mwili wake hauitumii testosteroni hata kidogo, kwa hivyo hakuwa na faida yoyote. Alirudishwa mwaka 1988, akiwa amepoteza miaka yake mizuri.

Katika Olimpiki ya Atlanta 1996 wanawake 3,387 walipimwa. Wanane walikutwa na jeni hiyo, saba kati yao wakiwa na hali ya aina ya Patiño. Wote wanane waliruhusiwa kushindana. Kanuni ya sasa inaitambua hali hiyo, lakini mwanasayansi Andrew Sinclair, aliyeigundua SRY mwaka 1990, amesema wazi kwamba jeni hiyo peke yake haitoshi kukuambia jinsi mwili wa mtu ulivyokua.

Sasa fikiria yule wa kwetu. Tuseme ni msichana wa miaka 18 kutoka Mutomo au Mbooni, amefuzu kwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza. Anapimwa. Jibu linarudi na neno ambalo hajawahi kulisikia. Nani anamweleza, na kwa lugha gani? Kuna mshauri nasaha chumbani, au ni afisa mmoja na simu yake? Na kabla hajafika nyumbani, je, kijiji kizima kitakuwa kimeshasoma kwenye WhatsApp?

Kanuni inaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na bado ikamvunja mtu kwa jinsi ilivyotekelezwa. Kama nchi yetu imekubali kupima wasichana, basi pia imekubali kutunza siri zao. Hilo ni deni, na tuna haki ya kulidai kwa sauti.

Haki isiyopimwa kwa kijiti

Ukitoka Nairobi kwa baiskeli kuelekea Mombasa, Makueni utaivuka kwa urefu wake wote: Sultan Hamud, Emali, Makindu. Pale Makindu kuna hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri yeyote anakula bure, bila kuulizwa dini wala kabila. Ukifika Kibwezi unakunja kushoto, unavuka mto Athi, unapita Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Lami ni safi, jua ni kali.

Ukiwa njiani hesabu watu utakaowaona juu ya baiskeli. Utawaona wanaume wa Black Mamba waliobeba makaa. Utawaona wavulana wanaosukuma mitungi ya maji. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, na hapo hujahesabu chuma chenyewe. UCI inataka baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, kwa sababu bila kikomo hicho matajiri wangeendelea kuzipunguza. Baiskeli za juu za kiwango hicho huuzwa zaidi ya shilingi milioni moja. Kijana wa Ikutha ana miguu na ana mlima, lakini amefungiwa nje kabla mbio hazijaanza.

Sasa hesabu wasichana walio juu ya baiskeli. Nadhani vidole vya mkono mmoja vitakutosha. Mara nyingi baiskeli ya nyumbani ni ya baba, ikitoka kwa baba ni ya kaka. Dada anabeba maji mgongoni, kamba ikiwa kichwani.

Tunabishana kwa miezi juu ya nani asiruhusiwe katika mbio za wanawake, ilhali hatujauliza ni wanawake wangapi wamewahi kuruhusiwa kupanda. Hata huko juu walichelewa. Tour de France ya wanawake kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 2022 na hatua 8, wakati wanaume wana 21. Wanawake wa chini ya miaka 23 walipata mbio zao wenyewe katika mashindano ya dunia ya barabarani kwa mara ya kwanza Septemba 2025, na hiyo ilikuwa hapa jirani, Kigali, Afrika ilipoandaa mashindano hayo kwa mara ya kwanza.

Na njia ipo, si ndoto tu. Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akaendesha kwa jezi ya Kenya mjini Melbourne mwaka 2006, kisha chini ya bendera ya Uingereza akashinda Tour de France mara nne. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio hizo mwaka 2024 na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Vipaji tunavyo. Tunachokosa ni baiskeli, makocha, na wazazi wanaoamini kwamba msichana akikanyaga pedeli hajapotoka.

Kabla hujaandika hiyo komenti

Mimi naamini kundi la wanawake lazima lilindwe, na kwamba mtu aliyepita balehe ya kiume ana faida ambayo ni vigumu kuifuta. Naamini pia kwamba msichana aliyezaliwa tofauti bila kujua si kijeba. Kijeba anajua umri wake na anadanganya. Huyu hakudanganya mtu. Kumweka fungu moja na matapeli ni uonevu, hata kama mwishoni kanuni itamwambia asishindane hapo. Pendekezo la Wambui la kundi la tatu huenda lina matatizo yake, kwa sababu washindani wangekuwa wachache na kila anayeingia angekuwa ametangazwa. Lakini angalau limetoka kwa mtu aliyelipa gharama, na linastahili kusikizwa kuliko kelele zetu.

Unaweza kutokubaliana nami, sawa tu. Ila siku utakapoona picha ya msichana ameshinda mbio za kaunti, ana mabega mapana na kifua bapa, na kidole chako kiko tayari kuandika "huyu ni mwanaume", subiri kwanza. Una cheti chake cha daktari? Hujamzunguka hata mara moja, sembuse saba. Unachojua ni kwamba amekimbia haraka au amepanda mlima wa Mbooni bila kushuka kwenye baiskeli. Vipimo vina wenyewe. Wewe mpigie makofi.

Na kama kwenu Kitui au Makueni kuna baiskeli imeegemea ukuta, Jumamosi hii mwachie dada yako. Mrekebishie kiti, mjazie upepo, mwambie afike sokoni na kurudi. Akianguka, mwinue apande tena.